Ndama Waliolala Uani Kwangu

Ninyi mnaomaliza chuo mwaka huu na mnaotafuta kazi kwenye miradi ya maendeleo, nipeni nafasi kidogo niwachoshe. Mimi ni mstaafu wa kazi hiyo. Msicheke. Sina mvi, na mama yangu bado ananiuliza nitaolewa lini. Lakini kazi niliiacha, na mtu aliyeacha kazi ambaye bado anaamka alfajiri akidhani anasikia ndama akilia uani, sijui mngemwita nani kama si mstaafu.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu nikiwa Mwanza, ninakoishi sasa. Alikuwa Mama Skolastika, mjane wa kijiji kimoja jirani na Lukole, wilayani Ngara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndama ameacha kunyonya."

"Hongera, mama."

"Hongera ya nini? Unakuja lini?"

"Mama, mradi ulifungwa. Mimi si afisa tena."

"Sijauliza kama wewe ni afisa. Ndama anakula majani yangu yote, na anayefuata kwenye zamu ni Onesmo wa Mzee Gervasi. Mkewe amejifungua, watoto wanahitaji maziwa. Gervasi amesema mwanawe hapokei kamba mkononi mwangu. Usipokuja, ndama huyu atazeekea hapa, na Onesmo atabaki anatazama."

Akakata simu. Mama Skolastika hapotezi vocha kwa kuagana.

Kwa nini mjane wa Ngara amhitaji mtu wa Mwanza ili ndama avuke njia na kuingia zizi la jirani? Mkilielewa hilo, mtaelewa kuhusu miradi ya kijamii zaidi ya nilivyoelewa mimi kwa miaka minne ya chuo. Au labda hamtaelewa. Mimi mwenyewe kila nikidhani nimelipata jibu, naligeuza na kuona nyuma yake kuna swali jingine.

Mradi wetu ulikuwa wa ng'ombe. Kampuni moja, ambayo haina haja ya kutajwa, ilitaka kuwekeza kwa jamii za Ngara na Biharamulo, ikatuajiri sisi tuliosomea maendeleo ya jamii. Kanuni ilikuwa nyepesi. Unapewa mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Akizaa ndama jike wa kwanza, unamlea mpaka aache kunyonya, kisha unamkabidhi jirani anayefuata. Huyo naye akikua na kuzaa, ndama wake anakwenda kwa mwingine, na mwingine, mpaka ng'ombe watembee kijiji kizima. Nilipoisoma kanuni ile niliipenda kama mtu anavyopenda hesabu iliyokubali. Hakuna hata mmoja ofisini aliyeuliza kama watu wa kule walikuwa na kanuni yao ya kupeana ng'ombe kabla hatujafika na yetu.

Kule Lukole watu huhesabu maisha kwa kambi. Kuna kabla ya kambi, kuna wakati wa kambi, na kuna baada ya kambi. Wakati wa kambi za wakimbizi, miaka ya tisini, waliona magari meupe, mahema, mabomba ya maji na vijana wenye fulana za kila rangi. Kisha siku moja vyote vikaondoka, vilima vikabaki bila miti. Kwa hiyo nilipomaliza hotuba yangu ya kwanza kijijini, nikauliza kwa furaha kama kuna mwenye swali, akasimama mzee mmoja mrefu, kofia ameishika mkononi.

"Mnaondoka lini?"

"Mzee wangu, ndiyo kwanza tumefika."

"Nimeona mmefika. Nauliza mnaondoka lini. Mtu akijua mvua itakatika lini, anajua apande mahindi au maharage."

Watu wakacheka. Meneja wangu, mtu mpole aliyekuwa amefanya kazi kwenye miradi mingi kabla ya huu, akasimama akaeleza kwamba mradi huu ni endelevu. Yule mzee akaitikia kwa kichwa.

"Na wale walisema hivyo hivyo," akasema, akakaa, akavaa kofia yake.

Huyo ndiye Mzee Gervasi. Nilipanda gari nikiwa nimekasirika, nikamwambia meneja kwamba mzee yule ni mkorofi. Leo ningempa kazi ya kufundisha chuo. Swali lake ndilo la kwanza mnalopaswa kulijibu mkifika popote, na mlijibu kwa ukweli, hata kama ukweli ni "bado sijui". Mradi unaojidai utakaa milele humfanya kila mtu apande mazao yasiyofaa.

Gervasi alikuwa wa kwanza kupewa mtamba, kwa kuwa alikuwa na shamba la majani na banda zuri. Mtamba mwenyewe alikuwa mwekundu uliokolea, wakamwita Bihogo. Siku ya kukabidhi, meneja ndiye aliyepaswa kutoa kamba, lakini mpiga picha wa kampuni akasema picha itapendeza zaidi akiwemo msichana. Nikasukumwa mbele. Nikaishika kamba, nikamwekea Gervasi mkononi, nikatabasamu kuelekea kwenye kamera. Likumbukeni hilo. Mambo mengi yaliyofuata yaliamuliwa na mpiga picha ambaye hakurudi tena Ngara.

Bihogo akazaa ndama jike. Aliyefuata kwenye zamu alikuwa Mama Skolastika. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye akapewa uraia, akaolewa, akafiwa na mume, watoto wake wote wamezaliwa Ngara. Migomba yake ilikuwa myembamba, mikungu midogo, kwa sababu udongo ulikuwa umechoka na hakuwa na samadi. Watu wa mjini hudhani ng'ombe ni maziwa tu. Kwa mwenye migomba, ng'ombe ni samadi kwanza, maziwa baadaye. Mama yule alihitaji samadi kuliko alivyohitaji chochote tulichoweza kumpa.

Nikaenda kwa Gervasi. "Bado ananyonya," akasema. Nikaenda tena. "Bado." Mara ya tatu ndama mwenyewe alikuja kunitazama, anatafuna majani, pembe zimeanza kuchomoza.

"Mzee, huyu ana pembe."

"Wapo wanaochelewa kuacha."

Meneja akasema ni uroho wa kawaida, kwamba ameuona kila alikopita. Mimi nikaenda kwa Mama Skolastika kumwomba tuandamane tukadai haki yake. Alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua kichwa.

"Sijasema namtaka."

"Lakini uliomba ng'ombe, mama."

"Niliomba ng'ombe wa mradi. Sikuomba ng'ombe wa Gervasi. Wewe binti, unajua kupewa ng'ombe ni nini?"

Sikujua. Nilikuwa nimeandika tasnifu nzima kuhusu ushirikishwaji wa jamii, na sikujua. Akanieleza huku anapepeta. Huko kwao, na kwa Wahangaza, wenyeji wa Ngara, pia, mtu akikupa ng'ombe, wanaita kugabira, mmekuwa watu wa kudumu. Wewe ni mtu wake. Akijenga, unaenda. Akifiwa, unalala kwake. Na ng'ombe akizaa, siku moja utamrudishia aliyekupa ndama mmoja, kwa heshima na kwa pombe, ili aone hukusahau. Si deni, maana deni huisha.

"Sasa," akasema, "nikipokea kamba mkononi mwa Gervasi, wanangu watakuwa watu wa Gervasi. Tumehangaika miaka mingi hapa ili tusiwe watu wa mtu. Nibaki na migomba yangu hii hii."

Nikarudi kwa Gervasi, safari hii bila kuuliza habari za kunyonya.

"Mzee, ndama huyu ni wa nani?"

Akanitazama kama mtu aliyesubiri basi siku nzima na hatimaye linatokea.

"Si wako? Nani alinipa mama yake? Nimemtunza nikikusubiri uje nimrudishe, na wewe kila ukija unakuja na kalamu."

"Lakini mimi ni mwanamke. Nimeambiwa mwanamke hagabi ng'ombe."

"Mwanamke hagabi. Lakini wewe si mwanamke, wewe ni afisa."

Mkewe, aliyekuwa anachambua mboga mlangoni, akacheka mpaka akaziachia.

Basi hapo ndipo mradi wetu ulipokuwa umekwama. Yule alitaka kumrudishia aliyempa, huyu alitaka apewe na yeyote ila si jirani, na katikati kuna ndama mwenye pembe. Ni Mama Skolastika aliyenishauri, nusu kwa mzaha: "Si umchukue tu? Akilala kwako ni wako. Asubuhi ukinipa, umenipa wewe."

Nilikuwa nimepanga nyumba ya vyumba viwili nyuma ya shule ya msingi, yenye ua wa minyaa. Nikanunua kigingi cha mti mgumu, nikakigongea uani kwa jiwe. Jumapili moja baada ya misa, Gervasi akaja na mkewe na ndama, mwanawe Onesmo nyuma yao na mtungi wa pombe ya ndizi. Mzee akasimama uani kwangu, akasema maneno marefu kwa Kihangaza, akimsifu Bihogo, akinisifu mimi, akiwasifu hata wazazi wangu ambao hajawahi kuwaona. Kisha wote wakanitazama.

"Sema umeridhika," mkewe akaninong'oneza.

"Nimeridhika."

Wakapiga makofi. Tukanywa. Ndama akalala kwenye kigingi, akala mchicha wangu wote na pindo la kanga niliyosahau kwenye kamba. Asubuhi Mama Skolastika akaja amevaa kitenge cha kanisani. Nikampa kamba. Akaipokea kwa mikono miwili, akamwongoza ndama kuelekea kwenye migomba yake.

Meneja aliposikia alishika kichwa. "Kwenye taarifa tutaandika nini? Ndama alihamia kwa afisa kwa muda? Watakuja kukukamata."

"Andika makabidhiano yamefanyika."

Akaandika hivyo. Kisha akaniambia jambo ambalo bado linanisumbua. "Uwe mwangalifu. Mila ni blanketi. Anayesikia baridi hujifunika nalo, na anayeficha kitu hujifunika nalo pia. Unajuaje Gervasi hakuwa anamtaka tu yule ndama?"

Sijui. Huo ndio ukweli. Labda alikuwa anamtaka. Labda vyote viwili. Nimekutana na vijana wa miradi wanaoamini kila wanaloambiwa na wazee, na wengine wasioamini lolote, na wote wawili wanakosea kwa wepesi ule ule. Nilichojua ni kwamba baada ya siku ile ndama walianza kutembea. Kila aliyeachishwa kunyonya alipita uani kwangu, akalala kwenye kigingi changu, akaondoka asubuhi. Nikaacha kupanda mchicha. Nikajifunza kuanika nguo ndani.

Nisikilizeni niwape vitu vichache vya kazi, maana naona mnasubiri. Usiende kijijini siku ya gulio, wengine wote wako sokoni, utakutana na wasio na kazi na walevi tu, uwaandike kuwa ndio jamii. Gari liache mbali, utembee. Njiani ndiko unaambiwa mambo. Ukikuta bomba la mradi uliopita limekufa, usiulize liliharibika lini, uliza ufunguo wake alikuwa nao nani. Ukitaka kujua kama ng'ombe anatunzwa, usimtazame ng'ombe, maana siku ya ukaguzi huogeshwa, tazama kamba. Kamba iliyokaa vizuri, isiyokata shingo, imefungwa na mtu anayemwona mnyama kuwa wake. Na ukipewa kigoda ukalie. Kisafi, kichafu, kalia.

Nilikuwa na furaha miaka ile, na sikuwa najua kwamba ile ndiyo furaha. Asubuhi za Ngara zina ukungu mzito unaoshuka mabondeni, migomba inadondosha maji, na kabla hujawaona watu unawasikia wakisalimiana ng'ambo ya kilima. Nilikuwa nalalamika baridi. Nilikuwa nalalamika mtandao. Sasa nakaa kwenye jiji lenye mtandao wa kila aina, na nikisikia harufu ya moshi wa majani mabichi nasimama barabarani kama mtu aliyeitwa jina.

Kampuni ilipoona Ngara inakwenda, ikasema nihamishiwe Biharamulo nikafanye vile vile. Hilo "vile vile" ndilo lililoua ng'ombe.

Nikafika Nyakahura, huko Biharamulo, na kigingi changu cha akilini, tayari kupokea na kutoa. Hakuna aliyekihitaji. Wafugaji wengi tuliowapa ng'ombe kule ni Wasukuma, nao wana utaratibu wao. Mwenye ng'ombe wengi humwekea mwenzake baadhi, wenyewe huita kubilisa. Anayewatunza anakunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Hamuuzi, hamchinji, hafanyi jambo kubwa bila mwenyewe kujua. Na akifa, anapeleka ngozi ili ionekane kweli amekufa.

Sikuuliza. Mimi, niliyekwisha kuona ya Ngara, sikuuliza. Nilidhani nimekwisha kujifunza mila, kana kwamba mila ni moja.

Asubuhi moja akaja ofisini kijana wa rika langu, anaitwa Masanja, amebeba kitu begani. Akakitandaza barazani. Ilikuwa ngozi ya ng'ombe, mbichi, na nzi wake.

"Habari za kazi, dada. Ng'ombe wako huyu hapa."

Niliziba pua. "Amekufa? Aliumwa nini?"

"Ndigana, nadhani. Alivimba hapa chini ya sikio, akaacha kula."

"Tangu lini?"

"Tangu mnada uliopita. Nikasema mwenyewe atapita."

"Masanja, mtaalamu wa mifugo anakaa hapo tu karibu na soko. Mbona hukumwita?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ng'ombe wa mtu nimchome sindano bila ruhusa? Akifia kwenye sindano ningekuambia nini? Hata nyama sijauza kilo moja. Uliza majirani. Ngozi ndiyo hiyo, hesabu pembe, tazama alama yenu sikioni."

Alikuwa anajivunia, na alikuwa na haki ya kujivunia. Alikuwa amefanya kila ambalo mtu mwaminifu hufanya. Ng'ombe wetu wa Nyakahura walikufa kwa uaminifu, na mimi ndiye niliyekuwa mwenye ng'ombe bila kujua.

Kule Nyamigogo, katika wilaya ile ile, nikajaribu kuwahi. Nikakiita kikundi, nikasema wazi, kwa sauti: ng'ombe hawa si wangu wala wa kampuni, ni wenu. Wakatazamana. Mama mmoja akauliza taratibu, "Wetu kama barabara?"

Kila mtu anajua barabara ni yetu, na kila mtu anajua nani huziba mashimo yake. Ng'ombe wa Nyamigogo walikonda.

Kampuni ikaufunga mradi. Kwenye taarifa ya mwisho Ngara iliandikwa imefanikiwa na Biharamulo haikufanikiwa, sababu ikiwa mwitikio mdogo wa jamii. Nilimuuliza meneja kama Masanja aliyebeba ngozi mbichi kwa miguu hadi ofisini ndiye mwenye mwitikio mdogo. Akasema, "Mwanangu, taarifa ina kurasa chache." Muda si mrefu nikaacha kazi. Nimebadilisha kazi mara kadhaa tangu hapo, na katika kila moja nimeuliza maswali mpaka wameniomba nipumzike.

Lakini kilichonitesa si Biharamulo. Biharamulo najua tulikosea wapi. Kilichonitesa ni Ngara, ile iliyofanikiwa. Je, ilifanikiwa? Ndama walitembea kwa kuwa walipita uani kwangu. Maana yake nilijenga kitu kinachosimama kwa mguu mmoja, na mguu wenyewe ukahamishwa. Gervasi aliuliza tunaondoka lini, nami jibu langu lilikuwa kugonga kigingi. Ndiyo maana simu ya Mama Skolastika iliniuma. Niliposikia "usipokuja ndama huyu atazeekea hapa," sehemu moja ya moyo wangu ilisema, umeona, mradi umeshindwa. Sehemu nyingine, nawaambia bila haya, ilifurahi. Bado wananihitaji.

Nikachelewa kupata ruhusa kazini. Nilipopata, nikapanda basi la Ngara. Tulipopita Nyakahura, wauza nyanya na mahindi ya kuchoma wakakimbilia madirishani, nami nikawa natafuta sura ya Masanja kati yao. Sikuiona. Sijui ningemwambia nini. Labda ningemuuliza kama ana ng'ombe wake sasa.

Nikafika kwa Mama Skolastika asubuhi ya pili, ukungu haujaondoka. Sikulitambua shamba. Migomba ilikuwa minene, imeegemezwa miti kwa uzito wa mikungu. Tukasalimiana sana, akanishika uso, akaniambia nimekonda kama migomba yake ya zamani. Kisha nikatazama bandani. Kulikuwa na ng'ombe mkubwa peke yake.

"Mama, ndama yuko wapi?"

"Ameshaenda."

"Ameenda wapi? Si uliniambia nije?"

"Nilikuambia uje, hukuja. Majani yaliisha. Nenda kwa mzee akueleze, mimi nachemsha ndizi."

Nikavuka njia. Mzee Gervasi alikuwa amekaa juani, kofia ile ile, miguu imevimba kidogo. Nyuma ya nyumba ya Onesmo nikamsikia ndama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja na kalamu?"

"Sina kalamu. Nimeambiwa ulikataa mwanao apokee kamba kwa Mama Skolastika."

"Nilikataa. Na hakupokea kwake."

"Alipokea kwa nani?"

"Kwa mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Anayekaa kwenye nyumba yako." Akasogeza mguu juani. "Tulikungoja, ndama hakungoja. Skolastika akasema, na kwa nini lazima mtu yule yule? Ndama walilala pale kwenye minyaa, kwenye kigingi. Kigingi kipo. Basi tukampeleka akalala palepale, tukatoa maneno yetu, tukanywa, asubuhi mwalimu akampa Onesmo kamba."

"Huyo mwalimu anajua maana yake?"

"Anajua kushika kamba."

"Babu, lakini aliyetoa ng'ombe wa kwanza ni mimi."

Aliniangalia kwa upole, na upole wake ulikuwa mgumu kuuvumilia kuliko maswali yake yote. "Wewe ulikuwa unalala ndani, mwanangu. Aliyelala na ndama ni uwanja." Kisha, labda aliona uso wangu, akaongeza, "Lakini siku ile tulikutaja. Skolastika alisema jina lako kwenye maneno. Alikosea jina la baba yako, nikamsahihisha."

Mchana nikaenda kuiona nyumba. Mwalimu ni kijana wa Morogoro, kituo chake cha kwanza cha kazi. Alikuwa anaanika nguo, ndani, dirishani.

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

"Niliwahi kukaa hapa."

Akaacha nguo. "Aa, kumbe ndiye wewe. Naomba uniambie, maana hapa hakuna anayenieleza. Wananiletea ndama, wanahutubia, wananipa pombe, wananitazama. Nafanya nini hasa?"

"Unasema umeridhika."

"Nimeridhika na nini? Alikula shuka langu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kwenye ngazi ile ile niliyokuwa nakaa kunywa chai. Yeye akanisimulia malalamiko yake: baridi, mtandao, ukungu unaofanya sare za watoto zisikauke. Akasema ameomba uhamisho. Nikataka kumwambia kitu, nikaona hakitamwingia. Mimi nisingemsikiliza mtu wakati ule.

"Hicho nacho," akasema akionyesha uani, "nilitaka kuking'oa nipande maua. Walikuja wanawake watatu kunigombeza."

Kigingi kilikuwa kimeinama kidogo upande wa shule, na shingo yake imelainishwa na kamba ikawa inang'aa. Nilikishika. Kilikuwa kimezama ardhini kuliko nilivyokigonga mimi. Kuna mtu alikuwa amekigongea tena.

Nimewaza njia nzima ya kurudi Mwanza kama hilo ndilo jibu la swali la kwa nini mradi mmoja unasimama na mwingine unaanguka, kwamba unasimama siku mtu mwingine anapogonga kigingi chako bila kukuuliza. Linapendeza mno, kwa hiyo siliamini sana. Ninachojua ni kwamba watoto wa Onesmo watakunywa maziwa, na mimi sikuhitajika, na nilitamani mno kuhitajika.

Basi mkipangiwa kazi Ngara, ulizeni nyumba ya mwalimu yenye ua wa minyaa, nyuma ya shule. Pengine mtamkuta mwingine, huyu atakuwa amehamishwa. Msiseme mmetumwa. Ombeni maji, tazameni uani. Mkikuta kigingi bado kipo, nipigieni simu mniambie hilo tu.